Unga wa Mwezi, Unga wa Leo



Kila tarehe 14 ya mwezi, hapa Kenya, hupangwa foleni ambayo hakuna aliyeiitisha. Ni jioni, kabla EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, haijatangaza bei zitakazoanza kutumika usiku wa manane. Uvumi ukisema bei inapanda, bodaboda hujazana vituoni hadi mkia wa foleni unaingia barabarani. Uvumi ukisema inashuka, kituo ni kitupu na mhudumu amekaa anachezea simu. Hakuna mtafiti aliyewauliza vijana wale wanatarajia nini. Kila mmoja ameshajibu kwa tangi lake.

Matarajio ndiyo mada yetu leo: kile ambacho watu wa nyumba moja wanadhani kitatokea wiki ijayo, muhula ujao, mwakani, na namna dhana hiyo inavyoamua kinachoingia kikapuni leo. Wamarekani walianza kuyapima zamani. Mwaka 1946 George Katona, mtaalamu mzaliwa wa Hungaria, alianzisha uchunguzi ambao Chuo Kikuu cha Michigan kinauendesha mpaka sasa. Je, hali yako ya kifedha ni afadhali kuliko mwaka jana? Mwakani itakuwaje? Je, huu ni wakati mzuri wa kununua vyombo vikubwa vya nyumbani, kama friji?

Swali la friji lina maana yake kule. Mtu mwenye hofu ya kufutwa kazi hanunui friji. Lakini lipeleke Mukuru, Nairobi, au Kisauni, Mombasa, kwa mama aliyenunua jana mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, na utakuwa umempotezea wakati wake na wako. Matarajio anayo, tena makali. Utayaona katika ukubwa wa kipimo anachonunua.

Nami nadai hivi: misiba ya kiuchumi inapopandiana, mmoja haujaisha mwingine umeingia, familia hufupisha kalenda. Iliyokuwa ikipanga kwa muhula hupanga kwa mwezi. Iliyokuwa ikipanga kwa mwezi hupanga kwa wiki, na ya wiki hupanga kwa mlo wa usiku. Anayesoma hali ya wananchi kwa kuwauliza kama wana furaha au huzuni, na asiangalie urefu wa kalenda yao, atapata nusu ya habari, na nusu yenyewe ndiyo isiyo na faida.

Tuikumbuke orodha, maana tumeizoea hata tunaisahau. Mwisho wa Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia kaskazini mwa Kenya, kundi baada ya kundi, uvamizi ambao nchi haikuwa imeuona kwa takriban miaka 70. Kabla hawajaondoka, tarehe 13 Machi 2020 kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona, na wiki mbili baadaye kafyu. Vibarua vikakauka, shule zikafungwa. Mvua za vuli za mwaka huo huo zikakosekana, na huo ukawa mwanzo wa misimu mitano mfululizo ya ukame. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Ngano, mafuta ya kupikia na mbolea vikapanda. Agosti tukapiga kura. Mwaka 2023 shilingi ikaporomoka na kodi zikaongezwa. Mwisho wa 2023 mvua ikanyesha kwa hasira, na kufikia Mei 2024 mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 200.

Ukiisoma orodha hivyo, unaona matukio. Familia inaona kitu kingine: inaona kila pigo likila ngao iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya pigo lililofuata. Akiba ya chama ilivunjwa wakati wa korona. Mbuzi aliuzwa wakati wa ukame. Shangazi aliyekuwa akisaidia alisaidia mara mbili, na mara ya tatu simu yake ikawa haipatikani. Vita vya Ukraine vilipofika jikoni, bei ya mafuta ilikuwa tatizo, naam, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba hapakuwa tena na mbuzi wala shangazi.

Na kuna pigo moja ambalo wataalamu wengi hawaliandiki kwenye orodha zao, ila mzazi yeyote atakuambia. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2021, wizara ilibana mihula ili kufidia muda uliopotea. Mwaka 2022 watoto wetu walisoma mihula minne ndani ya mwaka mmoja, likizo ya siku chache kisha kengele. Kwa mtoto ni uchovu. Kwa mzazi ni karo iliyokuwa ikija mara tatu kwa mwaka, sasa inakuja mara nne, na mwaka wenyewe ndio huo wa ukame na vita. Hapa kalenda ilifupishwa na serikali yenyewe, kwa nia njema, na sijasikia mtu akiuliza ilizigharimu nini familia ambazo zilikuwa zimepanga kuvuna, kuuza, kisha kulipa.

Twende kaskazini kidogo. Mfugaji wa Marsabit au Wajir ni mtaalamu wa matarajio kuliko wengi wetu tunaokaa studio. Mvua ikikosa msimu mmoja, swali lake ni moja: niuze sasa au nisubiri? Akiuza sasa, na mvua ikaja mwezi ujao, ameuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya hasara na ili kumnunua tena atatafuta pesa mara mbili. Akisubiri na mvua isije, ng'ombe hukonda, bei yake huanguka, na wakati huo huo bei ya mahindi hupanda, kwa sababu ukame mmoja ndio unaomkondesha mnyama na kulikausha shamba. Inafika siku ambapo mbuzi aliyekuwa akinunua gunia la mahindi hawezi kununua hata nusu yake. Baada ya hapo mnyama hana mnunuzi kabisa.

Kwa uzoefu wa wazee, ukame mkali ulikuwa ukija na kuondoka, na kulikuwa na miaka ya katikati ya kujenga zizi upya. Aliyesubiri msimu mmoja, hata miwili, alikuwa na sababu. Lakini misimu mitano! Mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa nchini kabla mvua haijarudi mwaka 2023. Waliosubiri ndio waliopoteza zaidi, na hawakuwa wajinga. Walitumia elimu ya vizazi katika majira yaliyokuwa yamebadilika. Ukimuuliza mtu huyo leo anatarajia nini mwakani, atasita. Usidhani amekata tamaa. Kipimo chake cha kupimia mwaka ndicho kilichovunjika.

Sasa turudi mtaani. Simama kando ya duka la mtaa lolote saa moja jioni, watu wanapotoka vibaruani, usikilize wanavyoagiza. Mafuta ya ishirini. Sukari ya kumi. Nyanya mbili. Majani ya chai ya tano. Mwenye duka anachota mafuta kutoka kwenye mtungi kwa kikombe kidogo chenye mpini mrefu, anamimina kwenye chupa ambayo mteja amekuja nayo, na chupa hiyo haijawahi kujaa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme lita moja ya mafuta ni shilingi 300, na kipimo cha shilingi ishirini ni mililita 50. Vipimo ishirini ndiyo lita. Shilingi 400. Anayenunua kidogo kidogo amelipa shilingi mia zaidi kwa lita ile ile.

Watu wa semina husema hapo kwamba maskini wanahitaji kufundishwa kuweka bajeti. Mimi nasema wakae dukani hapo hapo na wafikirie upya. Lita nzima ya mafuta haikupeleki hospitali mtoto akishikwa na homa usiku wa manane. Shilingi 280 zilizobaki mkononi zinakupeleka. Lita nzima ikionekana jikoni, jirani ataomba kidogo, na utampa, kwa sababu wiki ijayo utamwomba wewe. Ile shilingi mia ya ziada ni bei ya bima. Mtu anailipa kwa sababu hajui kesho kutwa kibarua kitakuwepo au la. Akijua, atanunua lita. Mwezi ambao mtu amepata kazi ya kudumu hata ya miezi mitatu, chupa ndogo inabaki nyumbani.

Lakini ona mtego wake. Anayetarajia kesho mbaya ananunua kidogo, kwa hiyo analipa zaidi, kwa hiyo kesho yake inakuwa mbaya kweli. Mkulima naye yumo. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000. Wako walioweka nusu, wako waliopanda bila. Serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, ilikuwa Septemba, na mahindi ya Bonde la Ufa hupandwa Machi na Aprili. Hofu ya Machi ikawa uhaba wa Desemba.

Na daftari la madeni? Kama ningekuwa na uwezo, ningewaomba wachumi wa Benki Kuu wayasome madaftari ya maduka ya mitaa. Sisi huona deni kama jambo la mkopaji, lakini anayetarajia hasa ni mwenye duka. Yeye ndiye anayeamua kama mwashi huyu atapata kazi wiki hii, kama mama yule mshahara wake wa kufua nguo utatoka, kama mwalimu wa shule ya binafsi atalipwa mwisho wa mwezi. Hali ikiwa nzuri, daftari linabeba familia mpaka mwisho wa mwezi. Hali ikiharibika, anapunguza: wa mwezi anapewa wiki, wa wiki anaambiwa alete alichonacho kwanza. Siku akibandika tangazo ukutani kwamba mkopo hakuna, mtaa mzima umeshapewa ripoti ya uchumi, na haikuhitaji mkutano na waandishi wa habari.

Pengo lililoachwa na daftari limejazwa na simu. Tangu Januari 2019 tuna Fuliza, ile huduma inayokukamilishia malipo hata kama salio halitoshi, na mikopo mingine ya simu isiyohesabika. Novemba 2022 ikaja Hazina ya Hustler, mkopo wa kuanzia shilingi 500. Sisemi ni mbaya. Lakini nimewaona watu wakimpigia ndugu yao wa mjini na kumwambia: hiyo pesa usitume kwa namba yangu, tuma kwa ya jirani. Ikiingia kwenye namba yangu inamezwa na deni kabla sijaiona. Fikiria uamuzi huo. Mtu amepanga maisha yake kwa saa, si kwa siku. Pesa ipite kwa jirani, inunue unga, deni lingoje.

Nikisema kila mtu aliumia kwa namna moja, nitakuwa nawadanganya. Shilingi ilipoporomoka hadi kama 160 kwa dola Januari 2024, kutoka 100 na kidogo mwanzoni mwa 2020, familia yenye binti Riyadh au kijana Marekani ilipata nafuu ya ajabu. Dola mia zilizokuwa shilingi elfu kumi zikawa elfu kumi na sita. Kwa mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Katika nyumba hizo kalenda haikufupika, na wengine walimaliza kujenga. Ndiyo sababu wastani wa nchi ni kitu cha kuutilia shaka: katika ploti moja, mlango huu unatia vigae na ule wa pili unapima mafuta.

Sasa tufike kwenye takwimu ambayo imeleta ugomvi mwingi kati ya wakubwa na wananchi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Ni kweli, na Ofisi ya Takwimu haikupika kitu. Viongozi wakasimama majukwaani kusema uchumi umetulia. Mama mboga akasikia kwenye redio, akacheka.

Wote wawili walikuwa sahihi, ila walikuwa wakizungumzia vitu viwili. Mfumuko wa bei hupima kasi ya kupanda. Mvua inaweza kukatika na maji bado yako magotini sebuleni. Petroli Nairobi ilikuwa shilingi 83 na senti zake Mei 2020. Ikafika 179 Septemba 2022, siku moja baada ya serikali mpya kuapishwa na ruzuku kupunguzwa. Ikafika 217 Oktoba 2023. Ikarudi kama 180 mwaka mmoja baadaye. Kwa kipimo cha mwaka, hiyo ni nafuu. Kwa bodaboda anayekumbuka 83, hiyo ni zaidi ya mara mbili. Naye hakusoma 83 kwenye jarida, aliilipa. Isitoshe, nauli iliyopanda pamoja na mafuta haikuwa na haraka ya kushuka pamoja nayo.

Tena watu hukumbuka zaidi bei wanazokutana nazo kila siku. Hakuna anayejua bei ya kabati imebadilika kiasi gani, lakini kila mtu anajua gorogoro ya mahindi ni ngapi leo. Chakula ni takriban thuluthi moja ya kapu ambalo Ofisi ya Takwimu hutumia kupima bei nchini. Kwa nyumba maskini ni sehemu kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kapu lao si kapu la taifa.

Mtaniuliza, kwani hakuna anayewasikiliza watu hawa? Wapo, na wanastahili shukrani. Tangu Mei 2020 Benki ya Dunia, pamoja na Ofisi ya Takwimu ya Kenya na wenzao, walifanya mahojiano kwa simu, wakirudi tena na tena, kwa Wakenya na kwa wakimbizi pia, wakiuliza kuhusu kazi, chakula na kipato. Benki Kuu siku hizi huwauliza wakulima na wachuuzi wanatarajia bei zielekee wapi. Afrobarometer, tangu mwaka 1999, huwauliza Waafrika kuhusu maisha yao ya leo na wanavyodhani uchumi utakuwa baada ya miezi kumi na miwili. Na mara nyingi hutokea jambo linalowashangaza wageni: mtu anasema leo ni mbaya, jana ilikuwa mbaya, lakini mwakani itakuwa afadhali.

Wengine huliita hilo matumaini ya Mwafrika, jambo linalonikera kidogo. Mwulize mtu wa pwani mwakani hali itakuwaje, atakujibu, inshallah itakuwa nzuri. Karani anatafuta kisanduku. Hakuna kisanduku cha inshallah, kwa hiyo anatia alama kwenye “afadhali”. Lakini mtu yule hakutoa utabiri. Alitoa dua, na alifanya adabu, maana kuitabiria mabaya nyumba yako mwenyewe mbele ya mgeni si jambo la kiungwana. Ukitaka utabiri wake, muulize amelipa karo ya muhula mzima au amelipa ya kumwezesha mtoto kuingia darasani tu.

Matarajio yasiposikilizwa jikoni, huenda barabarani. Juni 2024, kwa vipimo vya wachumi, dhoruba ilikuwa imepita: mfumuko wa bei asilimia 4.6, shilingi imerudi kama 130 kwa dola. Na ndio mwezi vijana walipoijaza miji kupinga Mswada wa Fedha. Kumbuka kwamba kodi zilizokuwemo zilikuwa hazijaanza kutozwa. Kodi ya mkate ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye mswada wiki moja kabla ya tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni. Serikali ilijiuliza: wanapinga nini, tumeshaondoa? Walikuwa wanapinga mwakani. Walikwisha kuona kodi ya mafuta ikipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka mmoja uliotangulia, na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yakiingia kwenye hati ya mshahara, na hakuna aliyewaahidi kwamba hapo ndipo mwisho. Makumi ya watu walikufa katika maandamano ya miezi ile. Rais aliukataa mswada tarehe 26.

Kwa hiyo, wale wanaotunga maswali ya mwaka ujao, nina yangu matatu ya kuwapa bure. Kwanza, mara ya mwisho ulinunua unga wa wiki nzima kwa mpigo ilikuwa lini? Pili, mtu akikutumia pesa leo, utataka ziingie kwenye simu ya nani? Tatu ni la mwenye duka: kati ya wateja uliowaandika Januari, wangapi bado unawaandika? Maswali haya yana majibu yanayohesabika, na mtu hawezi kuyajibu kwa adabu tu.